Mchukua Maji wa Ukumbi wa 1788

Hadithi za mashine zimesimuliwa nyingi, lakini iliyo kweli tupu, isiyotiwa chumvi hata punje, ni hii peke yake. Chumvi iliyomo ni ile ya kuonjea tu. Na pale panapoelezwa mitambo, msomaji asishikilie sana, maana fundi aliyeieleza alikuwa na haraka, na aliyeelezwa alikuwa anachambua mchicha.

Basi, mwaka ule mto Ruaha Mkuu uliporudi kutiririka masika na kiangazi, Chuo cha Nyang'oro, huko vilimani Iringa, kilipata Ukumbi wa kufufulia historia. Kwa nje ungedhani ni ghala la mahindi: matofali matupu, dirisha hata moja hakuna. Lakini mitambo yake ilitoa joto jingi, na joto lile likapitishwa kwenye mabomba hadi mabwenini na kwa walimu. Wanafunzi, ambao baridi ya mwezi wa saba ilikuwa imewaachisha kuoga tangu chuo kijengwe, wakaanza kunukia sabuni. Hata asiyeijali historia aliuombea Ukumbi maisha marefu kwa ajili ya maji yale ya moto.

Mwenye somo alikuwa Dakta Skolastika Kihwele, Mhehe wa Kilolo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alifundisha Serikali na Historia ya Siasa ya Marekani. Ndugu zake walimuuliza kila Krismasi, "Skola, hivi mambo ya Wamarekani yanatuhusu nini sisi wa Kilolo?" Naye akawajibu, "Jirani akijenga nyumba kubwa, na ufa ukaonekana tangu msingini, huendi kuchungulia kabla hujajenga yako?"

Jumatano ile aliwasimamisha wanafunzi mbele ya mlango wa Ukumbi, kofia zao za nyaya mikononi.

"Nani atatukumbusha? Mwaka 1788 palikuwa na nini?"

"Katiba, mwalimu," akasema Kandida Ndunguru, ambaye daima alikaa mbele na daima alijua. "Iliandikwa mwaka uliotangulia. Ikawa inangoja majimbo yaikubali au yaikatae."

"Bunge lake likoje?"

"Vyumba viwili. Seneti, kila jimbo watu wawili, liwe dogo liwe kubwa. Na Baraza la Wawakilishi, viti kwa idadi ya watu."

"Watu gani?"

Kandida akaanza kupekua daftari. Nyuma ya wote akajibu Osmund Gama, Mngoni wa Peramiho, kijana mrefu aliyeinama kila mlango hata usiomhitaji kuinama. "Hapo ndipo penye mfupa, mwalimu. Wenye watumwa walitaka watumwa wahesabiwe, ili jimbo lipate viti vingi. Ila kupiga kura, wasipige. Wakakata shauri: kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu."

"Na viti hivyo alikalia nani?"

"Mabwana zao."

"Kwa hiyo mtumwa alihesabiwa ili..."

"Ili anayemfunga aongezewe kamba."

Darasa likacheka. Kisha, mmoja mmoja, wakaacha kucheka.

"Vaeni kofia," akasema Skolastika.

*

Sheria za Ukumbi zilikuwa tatu, na zilibandikwa mlangoni kwa herufi nyekundu. Ya kwanza: asifufuliwe mtu ambaye jina lake linajulikana. Ndiyo maana wakubwa wale waliojaa vitabuni hawakuwamo kabisa. Mashine ililishwa barua, kumbukumbu za makanisa, orodha za minada na hata majembe yaliyochimbuliwa, ikafinyanga watu wasio na jina, wa baraza ambalo halikuwahi kukaa popote, mchanganyiko wa mabaraza mengi. Ya pili: mwanafunzi avaapo kofia husahau kuwa ni mwanafunzi, akawa mjumbe wa baraza lile, na mwalimu akae roshanini akiwa na akili zake zote, kimya kama mgeni msibani. Ya tatu tutaifikia. Hiyo ndiyo iliyoleta maneno.

Anayeingia mara ya kwanza hupokewa na harufu: jasho la sufu, tumbaku, nta, mavi ya farasi. Halafu nzi. Halafu, polepole, anatambua kwamba sauti ile inayosikika kama upepo ni pumzi za watu, watu wengi, waliokufa kabla babu wa babu yake hajazaliwa, na bado wanavuta hewa na kuitoa. Skolastika alikuwa ameingia mara zisizo na idadi, na kila mara vinyweleo vya shingo vilimsimama. Wazungu wale waliovaa nywele za bandia walibishana kuhusu kodi na majeshi, na kwa kuwa mashine humpa kila msikilizaji lugha yake, yeye aliwasikia wakibishana kwa Kiswahili cha Kilolo, na "ati" zake, na "kumbe" zake. Ilikuwa ajabu, na haikukubali kuzoeleka. Watu hawa wamekaa kwenye joto, wameamua kwamba wanaweza kuandika kwa wino namna watakavyotawaliwa, bila mfalme. Hakuna aliyewaambia kama itawezekana. Wanajaribu tu. Na wakati huo huo, mlangoni, farasi wao wameshikwa na watu ambao wino ule unawakata vipande.

Siku hiyo Osmund alikuwa mjumbe mwenye shamba la tumbaku. Akasimama, kidole hewani. Kofia ilikuwa imemfungia jina lake, mama yake, bweni lake na deni lake la kantini. Lakini utani haukai pale jina linapokaa. Unakaa chini zaidi, karibu na pale mtu alipojifunzia kutambaa.

"Waheshimiwa!" akanguruma. "Jimbo likisimama peke yake litapatwa na yale yaliyowapata Wahehe, walipokimbia vita wakaacha ugali jikoni! Mbwa akaingia akaula ule ugali. Nao waliporudi na njaa zao, wakamla mbwa!"

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa uzito, kama watu wanaokumbuka taifa la mbali lililopata msiba.

Skolastika alikuwa na shahada tatu. Alikuwa na sheria ya pili imebandikwa mlangoni kwa herufi nyekundu. Akajikuta amesimama, ameukamata ukingo wa roshani kwa mikono miwili.

"Mwongo wee! Ugali ule tuliwaachia ninyi Wangoni kwa huruma! Mmetembea toka kusini na njaa, ngao za ngozi mmeshazitafuna zote, mmebaki na vishikio!"

Nzi mmoja akavuka kutoka dirisha hadi dirisha, na kila mtu akamsikia. Mwenyekiti, nyundo yake ya mbao juu, akauliza kwa adabu, "Ngao zipi, mama?"

Kisha mashine ikafanya inavyofanya lolote lisilofaa likitokea: ikapaka chokaa, yaani ikalifunika lililotokea lisikumbukwe. Macho ya wajumbe yakapepesa mara moja, kama mtu aliyesinzia kanisani akashtuka, na mjadala ukaendelea palipoachwa. Skolastika akakaa chini, uso unawaka.

Ndipo akasikia kicheko. Kidogo, cha kubanwa, chini ya ngazi. Alikuwa pale mwanamke mweusi, kilemba cha kitambaa kichwani, ndoo ya mbao mkononi na kata ya bati. Mchukua maji. Mashine ilimweka kila siku apite kati ya wajumbe akiwanywesha. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na mabega yanamtetemeka.

*

Jumatano iliyofuata mchukua maji akapanda roshanini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Bibi, kunywa," akasema. Kisha kwa sauti ya chini: "Hao waliokula ngao, wametoka jimbo gani?"

Skolastika akairudisha kata ndooni bila kunywa. Kwa watu wale hapakuwa na Jumatano iliyopita. Kila mashine inapowashwa, lile jua la siku ile moja ya mwaka 1788 linachomoza upya, na hakuna anayejua kwamba liliwahi kuchomoza.

"Usinijibu, najua umekatazwa," mwanamke akasema. "Nimekuangalia. Wewe unakuja na kuondoka. Sisi hatuondoki. Yule mnene pale atapiga chafya."

Yule mnene akapiga chafya.

"Sasa leso itamwanguka. Ataikanyaga. Atamlaumu jirani yake."

Leso ikaanguka, ikakanyagwa, jirani akalaumiwa. Skolastika alihisi baridi ikimpanda toka nyayoni, kama mtu aliyefungua kaburi kwa ajili ya utafiti na maiti akamwamkia.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu ulipopiga kelele. Niliona wote wanapepesa macho. Mimi sikupepesa. Nikasema, kumbe! Kuna mahali pengine, na huko watu wanatukanana hivi na hawapigani. Halafu jua likazama, likachomoza siku ile ile. Tena. Tena. Bibi, mtu akipewa siku moja tu, ataijua." Akachota maji, akayamimina tena ndooni. "Niambie. Yule kijana ni adui yako?"

"Mtani wangu."

"Ndiyo nini?"

Skolastika aliwahi kueleza mgawanyo wa madaraka kwa watu waliosinzia, lakini hili lilimpa shida. "Ni mtu ambaye babu yake alipigana na babu yangu. Kisha wakakubaliana vita vibaki mdomoni tu. Anaweza kunitukana hata kwenye msiba wa mama yangu, nami siruhusiwi kukasirika. Ninaruhusiwa kumjibu tu."

"Na mnamhesabu mtu mzima, au kipande?"

"Mzima."

"Ala!" Mwanamke akatafakari. "Basi adui wenu anakaa vizuri kuliko rafiki wa hapa." Akatazama chini, kule wajumbe walikokuwa wamefikia kifungu chenyewe. "Mimi humu ni sehemu tatu za tano. Nimesikia mara nyingi, nikiwagawia maji huku wanagawana mimi. Huko uliko wewe, bibi, mnanihesabu ngapi?"

Darasa lilipoisha, Skolastika alikwenda moja kwa moja kwa fundi.

*

"Chokaa hupakwa kwa wasemaji tu," Fundi Lulandala alieleza, kichwa chake kikiwa ndani ya kabati la mitambo na miguu nje. "Wajumbe. Wale waliopewa uzito. Waliobaki ni kivuli cha kujazia chumba, mashine haiwakagui."

"Na mchukua maji?"

"Kivuli." Miguu ikatulia. "Ingawa... subiri. Mjumbe anahitaji kujua hoja yake tu. Huyu lazima amjue kila mtu: nani ana kiu, nani ana hasira, nani asipitiwe kwa nyuma. Mashine ililazimika kumwongezea akili kila siku kidogo, ili maji yasimwagike." Akachomoa kichwa, vumbi puani. "Mama yangu! Tumempa kuliko wote."

"Ameiishi siku hiyo mara ngapi?"

Fundi akaangalia pembeni. "Darasa ni Jumatano tu. Lakini tunauwasha asubuhi na jioni, kila siku."

"Kwa ajili ya nini?"

"Maji ya kuoga, mwalimu."

Skolastika akakaa juu ya sanduku la vyuma. Tangu hapo kila alipofungua bomba bafuni kwake na mvuke ukapanda, alilifunga tena akaoga ya baridi, akipiga kelele peke yake kama mbuzi.

Sheria ya tatu ilisema hivi: akipatikana ndani ya Ukumbi yeyote anayejua kwamba yumo ndani ya Ukumbi, arudishwe mwanzo. Kumbukumbu zifutwe, kivuli kiwe kivuli. Mwalimu mwenye Ukumbi alitakiwa kutoa taarifa mwenyewe, kwa kiapo. Akitoa taarifa, mwanamke yule anakufa na mwenye uso wake anaendelea kuchota maji. Akinyamaza, mwanamke anabaki mtumwa wa siku moja isiyokwisha, safari hii macho yake yakiwa wazi. Akiuzima Ukumbi kabisa, je, ameua au ameacha huru? Alikuwa amefundisha miaka ishirini kwamba ufa wa nyumba ile ya jirani ulikuwa ni hesabu: watu walikaa wakamhesabu mtu mwingine wakapata jibu lisilotimia. Sasa kalamu ilikuwa mkononi mwake.

Osmund akabisha hodi ofisini mwa mwalimu, akainama mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu. Nasikia wiki ile nilikutukana."

"Marahaba. Ulinitukana vizuri. Kaa." Akamtazama. "Gama, nikuulize la darasani. Tuseme mmoja wa wale wa ndani anajua. Umfanyeje?"

Osmund akacheka, akaona mwalimu hacheki. Macho yake yakapanuka. "Yupo?"

"Nimesema tuseme."

"Basi tuseme tu." Akajikuna kidevu. "Mwalimu, si wewe uliyetuambia? Walikaa kiangazi kizima wakihesabu watu, hawakumuuliza hata mmoja katika waliohesabiwa. Kamuulize."

"Mngoni ananifundisha kazi."

"Mtu akiishiwa, huazima kwa jirani," akasema Osmund, akatoka kabla hajajibiwa.

*

Akamuuliza. Aliingia peke yake, asubuhi, maji ya wanafunzi yakipata moto. Waliketi kwenye ngazi, mmoja na ndoo yake, mwenzake na viatu vyake vya karne nyingine. Skolastika akamweleza yote: mashine, miaka iliyopita, kofia, mabomba. Mengine aliyaeleza akitazama sakafu.

Mwanamke hakulia. Alinyoosha mkono, akagusa nguzo ya ngazi, akaikwaruza kwa ukucha, akanusa ukucha. "Inanuka mbao," akasema.

"Ndiyo."

"Na watu wangu? Wale wa kweli, walioishi siku ya kweli. Iliishaje?"

"Ilichukua miaka karibu themanini, na vita kubwa. Kile kifungu cha tatu kwa tano kikafutwa. Wakaandika kwamba wote wahesabiwe, mtu mmoja ni mmoja. Halafu ikachukua miaka mia nyingine kabla wajukuu zao hawajaachwa wapige kura bila kuzuiwa. Na bado wanabishana."

"Kwa maneno?"

"Mara nyingi kwa maneno."

Nje, farasi wa zamani akapiga kwato. Uso wa mwanamke ulikuwa umefunguka kama uso wa mtu aliyepanda kilima cha kwao kwa mara ya kwanza, akakuta nchi inaendelea. "Mmoja ni mmoja," akasema. "Na waliandika kwa wino?"

"Kwa wino."

"Haya. Sasa mimi. Ukizima mtambo wako, nitakuwa wapi?"

"Sijui."

"Ukinirudisha mwanzo?"

"Utachota maji. Hutajua kitu."

"Nilipokuwa sijui, nilikuwa nachoka na sijui kwa nini. Sasa nachoka najua. Hii ni afadhali." Akageuka, akamwangalia Skolastika usoni, jambo ambalo hakuna mchukua maji wa mwaka ule aliyeruhusiwa kulifanya. "Unataka kujua ninachotaka? Nataka kesho. Siku inayofuata hii. Hata kama ni mbaya. Ninyi wa huko mna kesho ngapi? Mnazo nyingi hadi mnazilalamikia. Nipe moja, nitajua la kufanya nayo."

Fundi Lulandala alipoulizwa alisema inawezekana. Mashine ingeweza kuusukuma ule mwaka mbele, Alhamisi, Ijumaa, na kuendelea, ikaacha kuizungusha siku moja, ila joto lote lingeishia huko, na wanafunzi wakaoga maji ya kuni kama babu zao. Ila kazi hiyo ilihitaji kibali cha mwaka, na kibali hakitoki bila muhuri wa mkaguzi, na mkaguzi yuko njiani anakuja.

"Nitadanganya," Skolastika akamwambia mwanamke, na neno lenyewe likamkwama, kwa sababu hakuwa na mazoezi.

"Wewe utaharibu. Uso wako ni kama dirisha la duka. Niachie mimi. Kuwaficha mabwana ninachokijua ndiyo kazi yangu ya kwanza, bibi. Maji ni ya pili."

"Angalau niambie jina lako. Mashine haikukupa."

"Ninalo," akasema mwanamke, akiinuka na ndoo. "Mashine haikulijua, wala sheria yenu hailijui. Kesho nitakuambia."

*

Mkaguzi Ndahani alikuwa Mgogo mzee, mkavu kama fimbo ya mchungaji, na habari zake zilimtangulia: hakuna aliyewahi kumwona anacheka. Alikataa chai. Alikataa kiti chenye mto. Watu wa ndani ya Ukumbi hakuwaita watu, alisema "vielelezo".

"Mwalimu. Kipo kielelezo kinachojua?"

"Hakipo," akasema Skolastika, akatazama dirisha ambalo halikuwepo.

Mkaguzi akaandika neno moja. "Tuingie."

Wakaketi roshanini. Chini, baraza liliendelea na mabishano yake, na yule mnene akapiga chafya. Ndahani akatazama kila kitu bila kupepesa: nta, nzi, nywele za bandia. Mara moja tu, mjumbe mmoja aliposema kwa sauti ya kukatika kwamba wajukuu zao watawauliza waliogopa nini siku hii, Skolastika aliona kalamu ya mzee ikisimama. Kisha akamwita mchukua maji kwa kidole.

Mwanamke akapanda, macho chini, akaburuta miguu kama mtu asiye na haraka ya kufika popote.

"Leo siku gani?"

"Siku ya baraza, bwana."

"Na jana?"

"Jana nilifua, bwana."

"Kesho?"

Skolastika akaushika ukingo wa roshani.

"Kesho ni ya Mungu, bwana," akasema mwanamke. "Mimi nitachota maji."

"Jina lako?"

"Huniita we msichana, bwana."

"Hawa wanabishana nini pale chini?"

"Mambo makubwa, bwana. Sisikii vizuri. Sikio hili liliumwa nikiwa mtoto."

Akamwuliza kwa ujanja, akamwuliza kwa ukali, akarudia swali la kwanza baada ya la nane. Mwanamke akamjibu lile lile, kwa sauti tambarare, na kwa uzembe wa ajabu hata Skolastika akaanza kuogopa kweli: je, kama amekwisha kurudi mwanzo? Je, kama hayumo tena? Alitafuta usoni pake dalili, hakuona hata moja. Palikuwa na ukuta tu, uliopakwa vizuri.

Mjumbe mmoja akanyoosha mkono kutoka chini akiomba maji. Mwanamke akashuka, akammiminia yote yaliyobaki, akarudi, akasimama pembeni, ndoo ikining'inia.

Ndahani akafunga daftari lake. Akaweka kalamu mfukoni. Akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyemaliza kazi. "Safi," akasema. "Sioni kitu hapa. Muhuri nitaupiga ofisini."

Skolastika akainuka amwonyeshe njia.

Mzee hakuinuka. Akaendelea kutazama baraza, uso mkavu ule ule, akasema polepole kama anayesoma tangazo la mazishi:

"Mwalimu, wewe unafundisha historia, nisahihishe. Nasikia ninyi Wahehe mlipigana na Mjerumani miaka saba. Babu wa babu yangu alikuwepo. Alisema vita vilikuwa mwaka mmoja. Ile mingine sita mlikuwa bado mnaamkiana."

Sheria ya pili ilikuwa mlangoni kwa herufi nyekundu. Mkaguzi wa sheria ile ile alikuwa ameketi kando yake. Wagogo nao ni watani wa Wahehe, na jibu lilikuwa tayari, tamu, lenye Wagogo na bakuli zao za kuombea ndani yake, limekaa kwenye ncha ya ulimi wa Skolastika kama kaa la moto. Hakuweza kulitema. Hakuweza kulimeza. Akafumba mdomo. Mashavu yakajaa. Mishipa ya shingo ikamtoka. Macho yakaanza kumlenga machozi, na mguu wake wa kulia, wenyewe, bila ruhusa, ukapiga sakafu mara moja.

Nyuma yao kikapasuka kitu.

Kilikuwa kicheko, na hakikuwa kidogo safari hii. Kilianzia tumboni kikamtikisa mwanamke hadi kilemba, kikajaa roshani nzima, kikashuka ngazi, na wajumbe wakainua vichwa, na mwenyekiti akasahau nyundo yake hewani. Mwanamke alikuwa amejiegemeza ukutani, kiganja mdomoni, amechelewa. Akakatisha. Akakohoa. Akakohoa tena, vizuri zaidi, akijipiga kifuani.

"Nisamehe, bwana," akasema, sauti imerudi kuwa tambarare. "Nimepaliwa na maji."

Mkaguzi Ndahani akageuka taratibu. Alimtazama muda mrefu, na hakuna aliyeweza kuusoma uso ule. Kisha akainuka, akakunja magoti yake ya kizee mbele yake kama mtu anayeamkia mkwe, akaichukua ndoo mikononi mwake, akaipindua. Halikudondoka hata tone.

"Umepaliwa na maji gani, mama?" akamuuliza.